Jaramogi Oginga Odinga: Vikwazo na Mapambano katika Maisha ya Mwanasiasa wa Mrengo wa Kushoto

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya kisiasa ya Jaramogi Oginga Odinga (1911-1994), Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, kwa kuzingatia vikwazo alivyokumbana navyo tangu enzi ya ukoloni hadi kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Vikwazo hivyo vinagawanywa katika aina tatu: vilivyotokana na sheria za dola, vilivyotokana na hila za chama, na vilivyotokana na uamuzi wake mwenyewe. Hoja inayojengwa ni kwamba aina hizi hazikutenda kazi kila moja peke yake, na kwamba gharama ya msimamo wake haikubebwa na yeye tu.

1.0 Utangulizi

Wanasiasa wengi wa Afrika Mashariki walioingia katika siasa kabla ya uhuru wamepimwa kwa vyeo walivyovishika. Kwa kipimo hicho Oginga Odinga ni mtu aliyeshindwa. Katika kipindi cha miaka 37, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hadi kifo chake mwaka 1994, alikaa serikalini kwa muda usiotimia miaka mitatu. Alikaa nje ya Bunge kwa miaka 23 mfululizo. Chama alichokiasisi mwaka 1966 kilipigwa marufuku, na kile alichokusudia kukiunda mwaka 1982 kilizuiwa kwa sheria kabla hakijazaliwa. Alipogombea urais mwaka 1992 alishika nafasi ya nne.

Hata hivyo, ni vigumu kuieleza historia ya siasa za Kenya pasipo kumtaja kila baada ya hatua chache. Hitilafu hii baina ya uchache wa mamlaka na wingi wa athari ndiyo inayohitaji kufafanuliwa. Wako wanaomchukulia kuwa shahidi wa haki asiye na doa, na wako wanaomwona kuwa mtu wa jazba aliyejiponza. Mitazamo yote miwili huficha jambo moja: kwamba Odinga alifanya uchaguzi wa makusudi mara kadhaa, akijua kwa kiasi fulani kitakachofuata.

2.0 Malezi, Jina na Biashara

Odinga alizaliwa mwaka 1911 katika eneo la Bondo, Nyanza. Alisoma katika shule ya Maseno iliyoendeshwa na wamisheni wa Kianglikana, kisha Alliance High School, na hatimaye Chuo cha Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu. Alirejea Maseno kufundisha, na baadaye akaongoza shule ya mifugo iliyokuwa huko huko.

Mgogoro wake wa mapema na mamlaka haukuhusu kura wala ardhi, bali majina. Alipobatizwa alipewa majina ya Obadiah Adonijah. Alipokuwa mtu mzima aliyaacha, na alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika alipambana na viongozi wa kanisa waliodhani kuwa jina lisilo la Kizungu au la Biblia haliwezi kuwa jina la Mkristo. Kwa mtazamo wa isimujamii, tukio hili si dogo. Jina la mtu ni tamko la mahali anapojiweka katika jamii, na aliyenyang'anywa haki ya kumpa mwanawe jina amekwisha kunyang'anywa mengine mengi. Mavazi aliyoyapendelea baadaye, yaani kofia ya shanga na usinga mkononi, yalikuwa mwendelezo wa hoja ile ile.

Mwaka 1947 lilianzishwa Shirika la Akiba na Biashara la Waluo, Odinga akiwa mwasisi na kiongozi wake. Lengo lilikuwa kukusanya akiba za watu wa kawaida ili waweze kuingia katika biashara ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Shirika lilijenga majengo, likiwamo Ramogi House mjini Kisumu, na likamiliki kiwanda cha uchapaji. Hakuna ubishi kwamba faida ya kifedha ilikuwa haba. Lakini ili kuuza hisa za shirika hilo Odinga alilazimika kusafiri kila mahali ambapo Waluo walifanya kazi, toka bandarini Mombasa hadi Kampala, na safari hizo zilimpa mtandao wa watu ambao hakuna serikali iliyofaulu kuukata.

Mtandao huo ndio uliompandisha hadi wadhifa wa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Umoja wa Waluo, katika miaka ya 1950. Alipouacha wadhifa huo mwaka 1957 ili aingie katika siasa za nchi nzima, alibaki na lakabu ya Jaramogi, inayomhusisha na Ramogi, babu wa Waluo katika simulizi zao. Hapa pana mzizi wa tatizo ambalo halikumwacha maisha yake yote: sifa iliyompa nguvu nyumbani ndiyo hiyo iliyowapa wapinzani wake kisingizio cha kumwita kiongozi wa kabila moja.

3.0 Mapambano na Dola ya Kikoloni

Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ulikuwa wa kwanza kuwaruhusu Waafrika wa Kenya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Odinga alimshinda B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Wajumbe wanane waliochaguliwa waliungana, Odinga akawa mwenyekiti na Tom Mboya katibu. Waliikataa katiba iliyokuwapo na kususia nyadhifa za uwaziri.

Mnamo Juni 1958 Odinga alisimama barazani na kueleza kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa baada ya kesi ya Kapenguria wangali viongozi wa Waafrika. Ili kuuelewa uzito wa kauli hiyo, yafaa kukumbuka kwamba hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa bado inaendelea, na jina la Kenyatta lilihusishwa rasmi na Mau Mau. Wajumbe wa Kizungu walighadhibika. Jambo lililomwumiza zaidi ni kwamba baadhi ya wajumbe wenzake Waafrika walisita kumuunga mkono. Katika muda mfupi, hata hivyo, madai ya kumwachilia Kenyatta yaligeuka kuwa wimbo wa kila mkutano wa hadhara, na waliosita wakawa miongoni mwa waimbaji.

Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, James Gichuru alikuwa rais wake, Odinga makamu na Mboya katibu mkuu. Mwaka huo huo Odinga alizizuru nchi za kikomunisti, zikiwamo Uchina na Muungano wa Sovieti, na serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Kuanzia hapo lilizuka neno lililomfuata kama kivuli: mkomunisti. Katika lugha ya kisiasa ya wakati ule neno hili halikueleza itikadi mahsusi. Lilitumika kumtenga anayetajwa ili hoja zake zisijibiwe. Odinga mwenyewe, aliyekuwa mfanyabiashara na mwenye kuheshimu mila, alilingana kidogo sana na maana ya kamusi ya neno hilo. Aliona tu kwamba nchi inayotaka kujitegemea haina sababu ya kupokea misaada na elimu kutoka upande mmoja wa dunia. Kwa kupitia juhudi zake, vijana wengi wa Kenya walipata nafasi za masomo katika nchi za Ulaya Mashariki.

Uchaguzi wa mwaka 1961 uliipa KANU viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. KANU ilikataa kuunda serikali maadamu Kenyatta hajaachiliwa, na Odinga alikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. KADU ya Ronald Ngala ikaingia serikalini. Kwa hesabu za kawaida za siasa, ushindi huo ulitupwa. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na serikali ya mseto ilipoundwa mwaka 1962, Waingereza walikataa Odinga asipewe uwaziri. Aliyekuwa amepiga kelele zaidi ili mlango ufunguliwe akaachwa nje ulipofunguka.

4.0 Uhuru na Mfarakano

Kenya ilipopata serikali ya ndani Juni 1963, Odinga alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 1964 nchi ilipokuwa jamhuri akawa Makamu wa Rais. Hiki ndicho kilele cha maisha yake serikalini, nacho hakikudumu.

Suala la msingi lilikuwa ardhi. Mashamba yaliyokuwa ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo kutoka nje, na Waafrika waliopewa makazi humo walitakiwa kulipa. Odinga na wenzake, hasa Bildad Kaggia, waliona kwamba ni dhuluma kumtoza mtu bei ya ardhi aliyoporwa babu yake. Kaggia alipoteza nafasi yake serikalini mwaka 1964 kwa ajili ya msimamo huo. Mwishoni mwa mwaka huo KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU, hatua iliyosifiwa kama umoja wa taifa. Matokeo yake mengine yalikuwa kuuongezea nguvu mrengo wa kihafidhina ndani ya chama tawala.

Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa mapigo. Mnamo Februari Pio Gama Pinto, mpangaji mahiri wa kundi la Odinga, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mjini Nairobi. Silaha zilizoletwa kwa meli kutoka Muungano wa Sovieti zilikataliwa na kurudishwa. Taasisi ya Lumumba, iliyofundisha makada wa chama, ilifungwa. Aidha, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Na. 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo, ambao Mboya alihusika sana katika utungaji wake, uliupa uchumi wa soko na mtaji wa kigeni jina la ujamaa. Hivyo pande mbili zilizopingana zilitumia msamiati mmoja, na aliyetaka kuipinga sera ya serikali kwa jina la ujamaa alionekana kama anayeupinga ujamaa wenyewe. Mshindi wa mjadala alikwisha kuamuliwa na aliyemiliki istilahi.

Pigo la mwisho lilikuja Machi 1966 katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru. Wadhifa wa makamu wa rais wa chama ulifutwa, na mahali pake pakawekwa makamu wanane wa mikoa. Odinga hakushindwa kwa kura. Cheo chake kiliondolewa katika katiba ya chama. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi na kujiunga na chama kipya cha Kenya People's Union, yaani KPU, akawa kiongozi wake.

5.0 KPU na Gharama ya Upinzani

Serikali ilijibu kwa sheria. Katiba ilirekebishwa haraka ili mbunge anayehama chama alazimike kurudi kwa wapiga kura. Uchaguzi uliofuata Juni 1966 ulihusu viti 29. KPU ilipata viti tisa tu, ingawa jumla ya kura zake iliizidi ya KANU. Odinga alirudi na kiti cha Bondo, lakini Kaggia alishindwa Kandara na Achieng Oneko akashindwa Nakuru. Kwa kupoteza viti hivyo nje ya Nyanza, chama kilichozaliwa kwa hoja ya ardhi na umaskini kilianza kuonekana kama chama cha mkoa mmoja. Ikumbukwe kwamba sura hiyo haikuwa ya kubuniwa tu. Ngome ya Odinga ilikuwa Nyanza kweli, na aliitegemea kwa kuwa kwingine mikutano yake ilinyimwa vibali. Mwaka 1966 ilipitishwa pia sheria iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, nayo ilianza kutumika dhidi ya wafuasi wa KPU.

Katika mazingira hayo Odinga alichapisha mwaka 1967 tawasifu yake, Not Yet Uhuru, iliyohaririwa kwa msaada wa Ruth First, mwanaharakati wa Afrika Kusini, na kuandikiwa dibaji na Kwame Nkrumah, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupinduliwa nchini Ghana. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini katika jina lake neno uhuru limeachwa bila ya kutafsiriwa. Uteuzi huo una maana. Neno hilo la Kiswahili lilikuwa limebeba matarajio ya miaka ya 1950 kuhusu ardhi, elimu na heshima, na hakuna neno la Kiingereza ambalo lingeweza kuikumbusha serikali ahadi zake kwa ukali ule ule.

Mwaka 1968, karatasi za uteuzi za karibu wagombea wote wa KPU katika uchaguzi wa serikali za mitaa zilikataliwa kwa kisingizio kwamba hazikujazwa ipasavyo. Kaggia alifungwa jela mwaka huo kwa kosa la kufanya mkutano usio na kibali, na mwaka uliofuata alirudi KANU. Kisha, Julai 5, 1969, Mboya aliuawa mjini Nairobi. Mboya alikuwa mpinzani wa Odinga kwa zaidi ya mwongo mmoja, lakini kifo chake kiliwaunganisha Waluo katika hasira dhidi ya serikali.

Hasira hiyo ililipuka Oktoba 25, 1969, Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, msaada ambao Odinga alisaidia kuupata. Ghasia zilizuka, walinzi wa Rais wakafyatua risasi katika umati, na watu kadhaa wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku. Odinga na wabunge wake waliwekwa kizuizini, naye hakuachiliwa hadi Machi 1971. Tukio la Kisumu ni la lazima katika tathmini yoyote ya maisha yake. Waliokufa siku ile hawakuwa wagombea wala wabunge, na Nyanza ilikaa kwa miaka mingi pembezoni mwa mgawanyo wa rasilimali za taifa.

6.0 Miaka ya Kufungiwa Nje

Tangu mwaka 1971 Odinga alijitahidi kurudi kupitia mlango wa KANU, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine. Alizuiwa kugombea mwaka 1974. Kenyatta alipofariki mwaka 1978 na Daniel arap Moi akashika hatamu, palionekana dalili za upatanisho. Lakini Odinga alizuiwa tena mwaka 1979. Moi alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya pamba, na mwaka 1981 nafasi ilikuwa ikiandaliwa ili arudi Bungeni kwa kiti cha Bondo. Nafasi hiyo aliipoteza kwa kinywa chake. Akihutubia Mombasa, alidai kwamba Kenyatta alikuwa mnyakuzi wa ardhi. Alifungiwa mlango mara moja.

Je, lilikuwa kosa? Kwa mwanasiasa anayepima kila neno kwa faida yake, ndiyo. Lakini madai hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha mfarakano wa mwaka 1966, na kuyanyamazia kungekuwa sawa na kukiri kwamba KPU haikuwa na sababu ya kuwapo. Pengine haki ya kumlaumu iko kwa wale waliokuwa wamefanya kazi ya subira kumwandalia nafasi.

Mwaka 1982 Odinga, akishirikiana na George Anyona, alinuia kuunda chama cha kisoshalisti. Alifukuzwa KANU mwezi Mei, na mwezi Juni Bunge likakiingiza katika katiba kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, mwanawe Raila aliwekwa kizuizini, naye Odinga akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu hadi mwaka uliofuata.

7.0 Kurejea kwa Vyama Vingi

Vita baridi vilipokwisha, sauti zilizodai mageuzi ziliongezeka. Mnamo Februari 1991, akiwa na karibu miaka 80, Odinga alitangaza chama kipya, nacho kilinyimwa usajili. Agosti mwaka huo yeye pamoja na Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz walianzisha jukwaa la FORD. Walijiita jukwaa wala si chama, kwa kuwa sheria iliwakataza wanasiasa kuunda chama. Shinikizo la ndani na uamuzi wa wafadhili wa kusimamisha misaada mwezi Novemba vilimlazimisha Moi akubali; kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Kilichofuata hakiwezi kulaumiwa kwa dola pekee. Mwaka 1992 FORD ilipasuka vipande viwili: FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Kila mmoja aliamini kuwa urais ni haki yake, mmoja kwa kigezo cha miaka ya mapambano na mwingine kwa kigezo cha mateso ya kizuizini na wingi wa wafuasi. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 Moi alishinda kwa kiasi cha asilimia 36 ya kura. Matiba, Mwai Kibaki na Odinga waligawana karibu kura zote zilizobaki, Odinga akipata asilimia 17 hivi. Alirudi Bungeni kama mbunge wa Bondo.

Mwaka wa mwisho ulikuwa mgumu kuuelezea kwa wafuasi wake. Mwaka 1993 alianza kushirikiana na KANU, akitumaini kuirudishia Nyanza maendeleo iliyoyakosa. Kisha alikiri kupokea shilingi milioni mbili kutoka kwa mmiliki wa kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikituhumiwa kwa kashfa kubwa ya fedha za umma. Viongozi kadhaa vijana wa chama chake, akiwamo makamu mwenyekiti Paul Muite, walijiondoa. Odinga alifariki Januari 20, 1994 mjini Kisumu, akazikwa Bondo.

8.0 Hitimisho

Vikwazo vilivyomzingira Odinga vilitoka pande tatu, kama ilivyodokezwa mwanzoni. Dola ilitumia sheria: pasipoti, marekebisho ya katiba, kizuizini, kifungu cha 2A. Chama kilitumia taratibu: kufuta cheo, kukataa karatasi, kunyima kibali. Naye mwenyewe alichagua kusema mwaka 1958, kusubiri mwaka 1961, kujiuzulu mwaka 1966, kusema tena mwaka 1981, na kutomwachia mwenzake nafasi mwaka 1992. Chaguzi nne za mwanzo zilimpotezea madaraka na kumwongezea imani ya watu. Ile ya mwisho ilikuwa na gharama kwa wengi waliokuwa wakingoja mabadiliko, na ushirikiano wa mwaka 1993 uliipunguza imani aliyoikusanya kwa miongo mitatu.

Hospitali ya Kisumu iliyofunguliwa siku ya risasi sasa inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, na chuo kikuu kilichoko Bondo vilevile. Dola iliyomnyima jukwaa imelikubali jina lake. Hoja zake ni jambo jingine. Swali la nani alipwe na nani alipe kwa ajili ya ardhi iliyoporwa halikujibiwa mwaka 1966, na msomaji wa leo anayekipitia kitabu chake cha mwaka 1967 atakuta kwamba neno bado lililomo katika maana ya jina lake halijapitwa na wakati.